Pua ya Mhina

Kaseko alikuwa na pua mbili: yake mwenyewe, aliyozaliwa nayo Tabora, na ya Mhina, aliyokuwa akiivaa kila alipokwenda kulala.

Hiyo ya pili ililetwa jioni ndani ya kapu, chini ya mchicha. Mwantumu, mke wa Mhina, aliileta kwa mlango wa nyuma, kanga imefunika kila kitu.

"Hodi shemeji. Nimekuletea mboga."

"Mboga gani hiyo ina waya?"

"Pokea, acha maneno. Majirani wana masikio."

Ndani ya kapu mlikuwa na mashine ndogo, ukubwa wa mkate wa boflo, na mpira wake mrefu, na barakoa laini ya kukaa juu ya pua. Kaseko aliichomeka ukutani, akajifunga mikanda kichwani, akajilaza. Mashine ikaanza kumsukumia hewa puani. Yeye hakuihitaji. Alilala kama gunia la chumvi tangu utotoni, na hakuwahi kukoroma. Lakini mashine haikujua ni pua ya nani. Ilijua tu kwamba ni mashine ya Mhina, na kulipokucha ikapeleka habari kwenye geti la kazini kwake kwamba Mhina amelala vizuri. Mhina akafika, akaweka kidole gumba, taa ikawa kijani, geti likafunguka, akaenda kushika breki ya kibanda kilichobeba watu ishirini juu ya mabonde.

Mombo nzima walikuwa na jina la jambo hilo. Waliliita kulalia. Kama mtu anavyoweza kukushikia zamu ukiwa na msiba, basi anaweza pia kukulalia. Lilianza siku Sheria ya Usingizi ilipopita, iliyosema kwamba hakuna mwenye maradhi ya kukatika pumzi usingizini atakayegusa breki bila mashine kumthibitishia. Watu walikubali sheria, halafu wakaanza kuizunguka, kama wanavyozunguka dimbwi.

Kaseko hakuona ubaya. Mhina alikuwa mtani wake. Wazigua na Wanyamwezi walikuwa wakitaniana tangu enzi za misafara, na mtani wa kweli humtukana mwenzake mchana na kumfaa jioni. Yeye alimfaa kwa usingizi. Kitu gani rahisi kuliko hicho?

*

Kamba ya Mlima ilitoka Mombo hadi Soni, juu ya nguzo ndefu zilizopandwa kwenye majabali. Kamba yenyewe haikuwa chuma. Ilisokotwa pale pale Mombo kwa nyuzi za mkonge zilizopikwa katika dawa mpaka zikashinda chuma kwa nguvu na kwa wepesi. Ndiyo iliyofanya mabanda ya kusokotea yatoe vumbi jeupe usiku na mchana, na ndilo vumbi lililoziba pua za nusu ya mji.

Vibanda vilijiendesha vyenyewe kwa mitambo. Lakini kwenye Kona, karibu na nguzo ya mwisho kabla ya Mombo, upepo wa bondeni ulikuwa na tabia zake, na mitambo ilikuwa imekosea huko zaidi ya mara moja. Kwa hiyo sheria ilitaka awepo mtu wa kushika breki kila kibanda kinapobeba watu au mizigo.

Kaseko alikuwa fundi kamba. Kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka na vibanda, kichwa kikiwa kimetokeza dirisha la juu, akisikiliza vishikio vinavyobana kamba. Siku hiyo walikuwa wakishuka na wanawake wa Soni waliobeba plamu na kabichi. Mama Semkiwa, muuza plamu, alikuwa amekaa mlangoni kama kawaida yake, kapu katikati ya miguu, akimsimulia jirani yake habari za mkwe asiyejua kupika.

Kaseko alisikia sauti isiyokuwa ya kishikio. Ilitoka chini, ndani ya kibanda. Ilikuwa kama mtu anayekokota meza juu ya saruji. Halafu ikakatika.

Akainama. Mhina alikuwa kwenye kiti chake, mkono juu ya breki, macho nusu wazi, mdomo wazi kabisa. Kifua chake kilikuwa kikipanda, lakini hewa haikuingia. Koo lilikuwa limejifunga. Na nguzo ya mwisho ilikuwa tayari inawajia.

"Mhina!"

Kaseko aliruka. Alikanyaga kabichi, akakanyaga mguu wa mtu, akajitupa juu ya mkono wa breki kwa uzito wake wote. Kibanda kikalia kama ng'ombe, kikayumba, kikaingia kituoni kwa kishindo, kikagonga mpira wa kuzuia na kurudi nyuma. Plamu zikamwagika. Wanawake wakapiga kelele. Mama Semkiwa alianguka juu ya mkono wake, na alipoinuliwa kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba.

Mhina alikuwa macho sasa, mkono wake bado juu ya breki. Aliangalia huku na huku, akameza mate.

"Upepo," alisema. "Poleni, mama zangu. Upepo wa Kona."

"Upepo mbaya huo," Mama Semkiwa alisema, akishika mkono wake. "Mungu akubariki, baba, umetukamata. Vinginevyo tungekuwa chatini."

Walicheka, kwa sababu walikuwa hai. Walimshukuru Mhina mmoja mmoja wakiteremka, wakidhani Kaseko alimwangukia tu kwa mtikisiko. Kaseko alibaki amesimama juu ya plamu zilizopondeka, na hakucheka.

*

Yeye na Mhina walikaa nyuma ya banda la kusokotea, kila mmoja na kikombe chake cha chai.

"Ulilala," Kaseko alisema.

"Nilipepesa macho."

"Kupepesa gani kunakokoroma?"

"We mpagazi, hukuja duniani kunihesabia kope." Mhina alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Alikuwa mtu mkubwa, shingo nene, na chini ya macho yake ngozi ilikuwa imening'inia kama soksi iliyolegea. Alipumua kwa mdomo hata alipokuwa amekaa tu.

"Kwa nini huivai mashine yako?"

"Nimeivaa! Unadhani sijaivaa? Pua imeziba, Kaseko. Mashine inasukuma hewa, hewa inagonga ukuta. Inatafuta njia, inatokea mdomoni. Naamka koo limekauka kama nimekula majivu. Naona nazama nchi kavu. Naivua, naitupa chini. Na siku hizi hata nikiijaribu jioni kabla haijaletwa kwako, haina nguvu. Inanong'ona tu, kama mgonjwa."

"Na dawa?"

"Nanunua matone dukani. Ukitia tu, pua inafunguka, unasikia raha. Baada ya kitambo inajifunga tena, na inajifunga kwa kisirani. Zamani natia mara moja kwa siku. Sasa sijui natia mara ngapi."

"Sisemi hayo. Nasema ile ya kupuliza, uliyopewa na daktari."

"Ile?" Mhina alitema mate pembeni. "Nilipuliza siku tatu. Haikufungua hata tundu la sindano. Siku ya nne ikanitoa damu. Halafu nikaambiwa ni steroidi. Steroidi, ndugu yangu! Si ndizo wanazopewa kuku wakavimba? Mimi na shingo hii nitavimba niende wapi?"

Ndani ya banda mashine za kusokota zilivuma.

"Kamwambie mkuu, Bi Mwanamvua, ukweli," Kaseko alisema.

"Aniteremshe chini? Nikachambue mkonge? Kaseko, mimi niliwashusha wanawake wenye uchungu wa kuzaa kwa kibanda kile kabla barabara haijatengenezwa. Kuna watoto Soni wanaitwa Mhina na si ndugu zangu. Nikiwa chini mimi ni nani?" Alikisukuma kikombe. "Nilalie mpaka kiangazi kiishe. Vumbi likipungua nitapona mwenyewe. Na ukinisema, usije msibani kwangu."

"Mtani hazuiwi msibani."

"Basi njoo, ule ubwabwa wangu, mchawi we."

*

Kliniki ya pua ilikuwa chumba kimoja mwisho wa kituo cha Mombo. Daktari Ndeonasia Mbwambo alikuwa Mpare wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kaseko alikaa mbele yake akiwa ameshika kofia.

"Tatizo?"

"Pua, daktari."

Alimtazama kwa tochi tundu la kushoto, akamtazama la kulia.

"Pua hii ningeipeleka maonyesho. Haina kitu."

"Si yangu. Ya jirani."

"Jirani ameacha pua nyumbani?"

"Ana aibu."

Daktari alizima tochi. Akaenda kuufunga mlango, akarudi kukaa.

"Sikiliza, mzee. Sitaki jina. Nikilijua jina, sheria inanitaka nilipeleke juu, na nitalipeleka. Kwa hiyo tuongee habari za jirani."

Kaseko akasema yote, bila jina: mashine, kapu, mchicha, matone ya dukani, damu, kuku. Aliposema kwamba anayelalia mashine ni mtu mwenye afya, daktari alivua miwani.

"Unajua mashine ile inafanyaje kazi?"

"Inasukuma hewa."

"Pampu ya baiskeli nayo inasukuma hewa. Mashine ile inamsikiliza aliyeivaa. Mtu mwenye maradhi haya, akilala, nyama za koo zinalegea, zinaangukiana, njia inafungwa. Mashine ikisikia njia inaanza kufungwa, inaongeza nguvu mpaka ifunguke. Ikisikia njia iko wazi, inapunguza. Kila siku inajifunza. Sasa akilala mtu mzima wa afya yake, itasikia nini?"

"Itasikia hakuna shida."

"Itapunguza. Kesho itapunguza tena. Halafu siku ile mwenyewe akiamua kuivaa..."

"Inanong'ona," Kaseko alisema.

"Inanong'ona. Ina adabu ya mtu mwingine." Daktari alimwangalia usoni, bila ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Huyo anayemlalia anadhani anamsaidia. Anaifundisha mashine, daktari wake, kwamba haumwi. Jirani anakatika pumzi kila anapolala, moyo unakimbia, damu inapanda, ubongo haupumziki. Ndiyo maana analala mchana. Anakufa kidogo kidogo, na rafiki yake amemshikia mto usoni."

Kaseko aliizungusha kofia mikononi.

"Na ile dawa ya kuku?"

Hapo daktari alicheka. "Ile ni steroidi ya kutuliza uvimbe. Siyo ya wanyanyua vyuma, na wala si ya kuku. Ni kidogo sana na karibu yote inabaki puani. Lakini haina haraka. Inafanya kazi kwa siku, kwa majuma, na inataka ipulizwe kila siku. Watu wanapuliza siku tatu wanaitupa, wanakimbilia matone. Matone yale yanafungua leo, kesho yanaziba maradufu. Na damu ile ilitoka kwa sababu alipuliza kuelekea katikati, kwenye mfupa. Unapuliza kuelekea upande wa sikio, kichwa umeinamisha kidogo, unavuta taratibu. Usivute kama unanusa ugoro, itaishia tumboni."

"Kwa hiyo dawa itamponya?"

"Haitamponya! Hapo ndipo wote mnapokosea. Dawa haizuii koo kujifunga. Mashine ndiyo inayozuia. Lakini mashine inapita puani, na pua ikiwa imefungwa mtu hawezi kuivumilia. Dawa inafungua mlango, mashine inaingia kufanya kazi. Ukiwa na kimoja bila kingine, umekaa bure."

"Akija kwako mwenyewe?"

"Akija mwenyewe na kusema kwa mdomo wake, sheria inampa likizo ya pua. Anashuka chini, anatibiwa, mashine inafutwa kumbukumbu inaanza kumjua yeye, na pumzi zikithibitika anarudi juu. Akisemwa na mwingine, au akikamatwa, hashiki breki tena maishani. Na aliyemlalia hagusi kamba tena."

"Na huyo rafiki akiacha tu kumlalia?"

"Mashine itoke kwenye usingizi wa malaika hadi wa mtu anayekabwa, kwa siku moja? Watakuja kuuliza kabla chai haijapoa. Huko ni kukamatwa."

Kaseko akatoka nje. Jua lilikuwa kali. Juu, kibanda kilikuwa kinapita, kidogo kama mbegu, na watu ndani yake walikuwa wakipunga mikono.

Akisema, anamzika Mhina kazini, na kujizika mwenyewe. Akinyamaza, kesho ni siku ya soko, vibanda vitajaa, na Kona iko pale pale. Akimsihi, ameshamsihi. Alitembea hadi karakana yake, akakaa juu ya gurudumu la kamba, akafikiri mpaka kichwa kikauma. Si kila siku mtu anaambiwa kwamba wema wake ni kamba shingoni mwa rafiki.

Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mtani. Maneno ya mtani si ushahidi. Hakuna baraza lililowahi kumfunga mtu kwa maneno ya mtani wake. Akaichukua chupa tupu ya mafuta ya kula, akaikata kitako.

*

Asubuhi ya soko, kituo cha Soni kilikuwa kimejaa. Makapu yalipangwa hadi barabarani. Bi Mwanamvua, mkuu wa kamba, alikuwa amesimama getini na kipaza sauti chake, akigombana na watu wenye mbuzi. Mhina alikuja kwenye kibanda chake akipumua kwa mdomo, akakuta mlango umezibwa.

Kaseko alikuwa amelala kifudifudi kizingitini. Akageuka chali. Amejifunga shuka jeupe hadi kidevuni, puani ana kitako cha chupa ya mafuta, na kutoka kwenye chupa mpira wa kutilia grisi umening'inia hadi chini.

"Uwii!" alilia. "Wazigua wenzangu, ndugu yenu amekufa!"

Wanawake walielewa mara moja. Wapo waliokwisha kuona watani wakiigiza marehemu msibani, wakitembea kama yeye, wakikohoa kama yeye, mpaka wafiwa wanacheka na machozi usoni. Mama mmoja akaangua kilio cha uongo, mwingine akamwitikia.

"Nani amekufa?"

"Mhina! Simba wa Handeni! Amekufa akiwa amekaa, kama bosi!"

Vicheko. Kaseko alinyanyuka nusu, akatanguliza tumbo, akajifanya ameshika breki kwa mkono mmoja, akakunja uso kama Mhina anavyokunja. "Kaeni vizuri, mama zangu, nawashusha kama yai!" Ilikuwa ni sauti yake hasa. Hata Bi Mwanamvua alicheka ndani ya kipaza sauti.

"Toka mlangoni, mpagazi," Mhina alisema. Alikuwa akitabasamu, lakini macho hayakuwemo.

Kaseko alifumba macho akaanza kukoroma. Ilikuwa ile meza inayokokotwa juu ya saruji. Watu wakacheka zaidi. Halafu akakata. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda, na hewa haikuingia. Kicheko kiliendelea kidogo, kikapungua. Uso wa Kaseko ulianza kubadilika rangi. Mishipa ya shingo ikatoka. Mtoto mmoja mgongoni mwa mama yake akaanza kulia. Sasa hakuna aliyekuwa akicheka, na Kaseko bado hakupumua, mpaka mwanamke mmoja akasema, "Jamani, mtazameni huyo!" Ndipo akavuta hewa kwa kishindo, kama mtu aliyetolewa mtoni.

Akarudia. Kukoroma, kukata, kimya, kishindo. Akarudia tena.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa akilala marehemu," alisema, akitweta kwa kweli. "Alikuwa mtu mwema. Alikuwa na dawa kabatini, akaiogopa kwa sababu ya kuku. Alikuwa na mtani mjinga aliyedhani anamsaidia. Na hakufa peke yake, jamani. Alikufa na kibanda kizima."

Bi Mwanamvua alikuwa ameteremsha kipaza sauti.

Mhina alisogea, akainama juu yake. "Umenivua nguo mbele ya watu," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimekuigiza tu. Hakuna nililosema."

"Toka."

"Maiti hatoki mpaka agombolewe."

"Unataka nini?"

"Neno moja. Lako, si langu."

Mikono ya Mhina ilijikunja ngumi. Kaseko aliiona, akabaki chali pale pale. Kama angepigwa, angepigwa.

Aliyesema alikuwa Mama Semkiwa. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mkono umefungwa kitambaa, kapu kichwani, na maigizo yalikuwa yamemchosha.

"Baba, mruke huyo mwendawazimu twende. Soko linatukimbia. Mimi sipandi na mwingine, napanda na wewe. Si wewe uliyetukamata juzi?"

Mhina alimtazama mama yule. Akautazama mkono wake. Ngumi zikafunguka, na kwa muda ilionekana kama hajui mikono yake aiweke wapi.

"Bi Mwanamvua," aliita. "Nina neno, na nataka ijulikane nimelisema mwenyewe. Sijalala na mashine yangu tangu masika. Na juzi haukuwa upepo. Nililala mimi. Nusura nimuue huyu mama."

Mama Semkiwa aliteremsha kapu.

"Na aliyekuwa akiilalia?" Bi Mwanamvua aliuliza.

"Hilo sijui."

"Mimi," Kaseko alisema, akikaa.

"Nyamaza, wewe umekufa!"

"Nimefufuka. Ni mimi, Bi Mwanamvua. Nasema mwenyewe."

Bi Mwanamvua alifungua mdomo, lakini kabla hajasema, mshika breki wa kibanda cha pili, kijana mmoja mkimya aitwaye Shemhilu, alisogea mbele. "Na mimi, bibi. Ananilalia dada yangu." Nyuma yake mwingine akainua mkono tu, bila maneno.

"Nyinyi watu!" Bi Mwanamvua alisema. "Mngeshindwa kuja ofisini mmoja mmoja? Lazima mnifungie kamba siku ya soko?" Lakini alikuwa tayari ameshika swichi. Magurudumu yakapunguza mwendo, yakasimama. Juu ya mabonde vibanda vitupu vikabaki vinayumba.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walilalamika, na walikuwa na haki. Mama Semkiwa alilalamika kuliko wote: kuhusu mkono wake, kuhusu plamu zake zitakazolainika barabarani, kuhusu wanaume wanaoogopa dawa ya pua kuliko wanavyoogopa Mungu. Kaseko alivua shuka, akalichukua kapu la mama huyo, akaliweka begani.

"Unalipeleka wapi?"

"Kwenye lori, mama. Mimi Mnyamwezi. Kubeba ni kazi ya ukoo."

Mhina akabeba la pili. Walibeba makapu mpaka watu wakaisha kituoni, na njia nzima hawakusemeshana.

*

Waliwekwa pamoja kuchambua mkonge, kwa sababu likizo ya pua haikujali kama pua ilikuwa yako au umeiazima. Kwa siku kadhaa Mhina hakumsalimia. Alikaa upande wa pili wa rundo, barakoa ya vumbi usoni, akichambua nyuzi kana kwamba kila uzi ulikuwa shingo ya Kaseko.

Mwantumu ndiye aliyevunja kimya hicho. Alikuja mchana mmoja na chupa ya dawa mkononi.

"Shemeji, njoo umwonyeshe. Mimi ameninunia. Anapuliza kama anaua mbu."

Kaseko akasimama mbele ya Mhina. "Itikise. Sasa penga uondoe uchafu. Ulisafisha kwanza kwa maji ya chumvi?"

"Nilisafisha."

"Inamisha kichwa. Si juu, unatazama nini mbinguni, hawakutaki huko. Mkono wa kulia, tundu la kushoto. Elekeza kwenye sikio."

"Sikio liko nje, mjinga."

"Elekeza huko huko. Vuta polepole. Polepole nimesema, hunusi ugoro!"

Mhina alipuliza. Akasubiri. "Haifungui."

"Leo haitafungua."

"Kesho?"

"Kesho pia haitafungua. Puliza tu."

Matone ya dukani Mwantumu aliyamwaga shimoni mwenyewe, na siku zilizofuata pua ya Mhina iliziba kwa hasira mpaka akaongea kama mtu aliye ndani ya debe. Akasema amedanganywa. Akasema daktari ni Mpare na Wapare hawampi mtu kitu cha kufanya kazi upesi, wanabana hata nafuu. Akataka kuacha. Kila siku Kaseko alikwenda nyumbani kwake jioni, akasimama mlangoni kama askari mpaka dawa ipulizwe na barakoa ifungwe. Mashine ilikuwa imefutwa kumbukumbu. Ilianza upya kama mtoto, ikimsikiliza Mhina, na ilipomsikia ilishtuka, ikasukuma kwa nguvu ambayo Kaseko hakuwahi kuionja usoni mwake.

Halafu asubuhi moja, katikati ya rundo, Mhina alisimama na uzi mkononi, akanusa. Akanusa tena.

"Nini kinanuka?"

"Kinanuka nini?"

"Kama mbuzi amefia ndani ya pombe."

"Hayo ni maganda ya mkonge yanayooza."

"Mmekuwa mkivumilia harufu hii miaka yote?" Mhina alishika pua yake kwa vidole viwili, akaiachia, akainusa dunia tena, na machozi yakamtoka, na hayakuwa ya vumbi. "Mungu wangu. Inanuka vibaya sana, Kaseko."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu siku ya soko.

Siku ya kujaribiwa getini walikwenda wote wawili. Shemhilu alikuwa ametangulia, akapata kijani. Mhina aliweka kidole gumba. Taa ilifikiri kwa muda mrefu, ikawa njano. Njano ilimaanisha pumzi zinakwenda vizuri ila mashine bado inamwangalia. Angeruhusiwa kushika breki ya kibanda cha mizigo. Cha abiria kingesubiri.

Kaseko alimtazama, akihofia atakasirika. Lakini Mhina alikuwa akiangalia taa kama anavyoangalia mtu mtoto wake aliyeanza kusimama.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Hakuna aliyenilalia."

"Kwa hiyo umelala?"

"Nimelala, na nimeota. Sijaota tangu sijui lini. Mwantumu anasema nimecheka usingizini."

"Umeota nini?"

"Tuko kwenye msafara, wa zamani ule. Watu wote wanatembea, isipokuwa mimi. Mimi nimebebwa. Wewe umenibeba mgongoni, tangu Tabora mpaka baharini, na njia nzima unalalamika kwamba Wazigua ni wazito."

"Hiyo si ndoto," Kaseko alisema. "Hiyo ni taarifa ya habari."

Kibanda cha kabichi kilikuwa kinasubiri. Mhina aliingia akakaa kwenye kiti, akafumba mdomo, akapumua kwa pua, akaweka mkono juu ya breki.